Mwezi wa Saba na Ghala la Viazi: Chakula cha Mwaka Mzima katika Andes na Ireland

Historia ya kiazi mviringo huandikwa mara nyingi kama historia ya wingi wa mavuno, kwa kuwa ni mazao machache yanayoweza kulisha watu wengi kiasi hicho kutoka katika kipande kidogo cha ardhi na kwa zana duni. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini inaficha swali gumu zaidi ambalo kila kaya iliyotegemea kiazi ililazimika kulijibu, nalo ni namna ya kukifikisha chakula hicho hadi mavuno yanayofuata. Nafaka iliyokaushwa vizuri hukaa ghalani miaka kadhaa, ilhali kiazi kibichi, ambacho karibu sehemu nne kwa tano za uzito wake ni maji, hukaa salama kwa kipindi tu cha kulala kwake, yaani wiki au miezi ambayo macho yake hayachipui hata kikiwekwa mahali penye joto na unyevu. Kipindi hicho kikiisha, kiazi huanza kuchipua na kusinyaa, na kikipata mwanga hugeuka kijani na kujaa sumu chungu, au huoza na kuambukiza vingine vilivyo karibu nacho. Kwa hiyo anayetaka kula viazi vya shamba lake mwaka mzima ana kazi mbili, ya kuvilima na ya kuushinda muda, na ni kazi ya pili iliyoamua hatima ya jamii mbili zinazochunguzwa hapa, wakulima wa milima ya Andes na vibarua wa mashambani wa Ireland.

Katika nyanda za juu zinazolizunguka Ziwa Titicaca, kwenye mpaka wa Peru na Bolivia wa leo, kiazi kilianza kulimwa na binadamu kati ya miaka 7,000 na 10,000 iliyopita. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 3,800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mahindi hustawi kwa shida na ambapo usiku wa baridi kali unaweza kuliua shamba zima hata katikati ya msimu wa kilimo. Wakulima wa Kiquechua na Kiaymara walijibu hatari hiyo kwa kutawanya mashamba. Kaya moja ilikuwa na vipande vingi vidogo, vingine bondeni na vingine juu mlimani, na ndani ya kipande kimoja zilipandwa aina nyingi za viazi kwa pamoja, zikiwa zimechanganyika na mizizi mingine ya huko kama oca na olluco, ili baridi, mvua ya mawe au ugonjwa ulioangamiza aina moja usiiguse nyingine. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mjini Lima mwaka 1971, kinatambua zaidi ya aina 4,000 za viazi vya asili vya Andes, na wingi huo ni kazi ya vizazi vya wakulima waliochagua mbegu kwa macho, kwa mikono na kwa ulimi. Ardhi nayo ilipumzishwa kwa zamu zilizopangwa na jamii nzima, mara nyingi kwa miaka mingi mfululizo, jambo lililorudisha rutuba na kuwanyima chakula minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya viazi.

Hata hivyo, utawanyaji wa mashamba ulihakikisha tu kwamba kuna kitu cha kuvuna. Kilichowapa watu wa Andes uwezo wa kula mwaka mzima, na hata wa kuvuka miaka mibaya, ni chuño, yaani kiazi kilichogandishwa na kukaushwa. Mavuno makubwa huangukia kati ya Aprili na Juni, na mara tu baada yake, mwezi wa sita na wa saba, nyanda hizo huingia katika majira ya ukavu ambayo usiku wake hushuka chini ya kiwango cha kuganda na mchana wake una jua kali na hewa isiyo na unyevu. Viazi vilivyochaguliwa hutandazwa juu ya nyasi kwenye uwanja tambarare, huachwa vigande kwa siku kadhaa, na vinapoyeyuka mchana watu huvikanyaga kwa miguu mitupu ili maji yatoke na ganda lilegee, kisha huvianika mpaka vikauke na kuwa vyepesi na vigumu. Chuño nyeupe, iitwayo tunta, hupitia hatua ya ziada kwa kuwa viazi vilivyoganda hulowekwa katika maji ya mto kwa majuma kadhaa kabla ya kukaushwa. Ulowekaji na ukamuaji huo huondoa pia uchungu wa aina fulani za viazi ambazo zikiwa mbichi haziliki, lakini ambazo ndizo zinazostahimili baridi kuliko zote. Hivyo ardhi ya juu kabisa, isiyofaa kwa kiazi kitamu, iliingizwa nayo katika hesabu ya chakula cha kaya.

Chuño iliyotengenezwa vizuri hukaa miaka mingi bila kuharibika. Hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C, na ladha yake haifanani na ya kiazi kipya, lakini hubaki chakula cha kutia nguvu ambacho mzigo wake ni mwepesi kwa llama kuubeba safari ndefu, na kwa njia hiyo kiazi kilipata tabia ya nafaka. Kazi ya kuchambua mavuno ilifuata mpango huo. Viazi vikubwa na vizima viliwekwa kwa ajili ya kupikwa bila kukaushwa katika miezi ya mwanzo, vya wastani vilitengwa kuwa mbegu, na vidogo, vilivyokatwa na jembe au vyenye uchungu vilipelekwa uwanjani kugandishwa. Vile vya kuliwa vilihifadhiwa mahali pa giza na baridi, vikitenganishwa kwa majani makavu na kwa matawi ya muña, mmea wenye harufu kama ya nanaa unaochelewesha uchipuaji na kufukuza wadudu. Hapakuwa na tegemeo kwa ghala moja, na jambo hilo lastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayedhani kwamba wakulima wa zamani waliishi kwa bahati.

Dola ya Inka ilijenga juu ya maarifa hayo ya kaya, haikuyabuni. Katika mji wa Huánuco Pampa, kwenye barabara kuu ya milimani, wachunguzi wa mambo ya kale wamehesabu maghala ya mawe yapatayo 500 yaliyojengwa kwenye mteremko wenye upepo, ya mviringo kwa ajili ya mahindi na ya mstatili kwa ajili ya viazi na mizizi mingine, baadhi yakiwa na njia za hewa sakafuni. Wahispania walipoiangusha dola hiyo walikuta chakula hicho tayari, na baada ya madini ya fedha kugunduliwa Potosí, katika Bolivia ya leo, mwaka 1545 chuño ikawa posho ya wachimbaji waliolazimishwa kufanya kazi mgodini. Pedro Cieza de León, mwandishi wa Kihispania ambaye sehemu ya kwanza ya tarikhi yake ilichapishwa Sevilla mwaka 1553, aliandika kwamba baadhi ya Wahispania walitajirika kwa kupeleka chuño Potosí na kuiuza. Akiba iliyotengenezwa ili mtoto wa mkulima asilale njaa ikawa nishati ya mgodi uliowaua wazazi wake, na ukweli huo haupaswi kufunikwa na sifa za uvumbuzi wa chuño.

Kiazi kilivuka bahari katika nusu ya pili ya karne ya 16, na kufikia miaka ya 1570 kilikuwa kikinunuliwa na hospitali mjini Sevilla. Kilichovuka kilikuwa mizizi michache ya aina chache, na pamoja nayo havikuvuka utawanyaji wa mashamba, mapumziko marefu ya ardhi, wala ugandishaji. Sehemu ya sababu ni hali ya hewa, kwa maana nchi za pwani ya Atlantiki zina majira ya baridi yenye mvua na ukungu, na mahali ambapo usiku wa kugandisha haufuatwi na mchana wa jua kavu, kiazi kilichoganda huishia kuoza. Sehemu nyingine ni kwamba waliokibeba hawakuwa wakulima waliokijua. Ulaya ilipokea mmea bila maarifa ya ghala lake.

Nchini Ireland kiazi kilianza kama mboga ya bustani katika karne ya 17, kikawa chakula cha majira ya baridi cha maskini, na kufikia mwanzo wa karne ya 19 kilikuwa chakula karibu pekee cha mamilioni. Kilimo chake kilifanywa kwa matuta mapana. Mkulima alitandaza samadi au mwani wa baharini juu ya nyasi, akapanga vipande vya mbegu juu yake, kisha kwa jembe refu la mkono akachimba mitaro pande zote mbili na kuupindua udongo wake juu ya mbegu. Waingereza wengi waliona matuta hayo kuwa ni ishara ya uvivu, ilhali kwa kweli yalikuwa jibu la kitaalamu kwa ardhi yenye maji mengi. Yalipitisha maji, yalipasha udongo joto, yaliokoa mbolea, na yaliwezesha miteremko ya mawe ambayo plau haikufika kutoa chakula. Katika miaka mizuri ekari moja ilitoa tani sita hivi.

Hapo ndipo hesabu ya kaya inapoanzia. Kibarua mtu mzima alikula kati ya kilo tano na sita za viazi kwa siku, akiviteremsha kwa maziwa ya mtindi pale yalipopatikana, na mlo huo, ingawa ulichosha kwa kutobadilika, ulikaribia kuwa kamili kwa mwili. Kwa kiwango hicho mtu mmoja alimaliza takriban tani mbili kwa mwaka. Mke na watoto wanne walikula kiasi kinachozidi hicho kwa pamoja, nguruwe ambaye ndiye aliyelipa kodi ya nyumba alihitaji sehemu yake, na mbegu ya msimu uliofuata ilichukua kati ya robo tatu ya tani na tani moja kwa kila ekari. Ekari moja, basi, hata ikizaa vizuri, ilitosha kwa shida, na kibarua wa kawaida hakuwa na ekari moja. Wengi walikodi robo au nusu ekari kwa msimu mmoja tu kutoka kwa mkulima mkubwa, wakilipa kwa siku za kazi au kwa fedha nyingi sana, bila haki yoyote ya kubaki juu ya ardhi hiyo baada ya kuchimba. Mtu aliyejua kwamba kipande chake kitapewa mwingine mwakani hakuwa na sababu ya kukipumzisha wala ya kukijengea ghala.

Uhifadhi ulikuwa wa aina moja tu. Viazi vilivyochimbwa Oktoba na Novemba vilirundikwa juu ya ardhi kavu au katika shimo fupi, vikafunikwa kwa majani makavu kisha kwa tabaka la udongo, na vikatolewa kidogo kidogo katika kipindi chote cha baridi. Wengine waliviacha matutani vilipoota, kwa kuamini kwamba baridi ya Ireland huwa ya upole. Imani hiyo ilikuwa imevunjwa mara moja kwa namna ya kutisha. Katika siku za mwisho za Desemba 1739 baridi isiyo na mfano iliiangukia nchi na kudumu kwa majuma mengi, ikagandisha viazi matutani na ndani ya marundo, na vilipoyeyuka vikawa uji uliooza, pamoja na mbegu yote. Njaa na maradhi yaliyofuata hadi 1741 yaliwaua watu ambao wanahistoria wanawakadiria kuwa kati ya laki tatu na karibu laki tano, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni mbili na laki nne. Baridi ileile ambayo mkulima wa Titicaca aliingojea ili aweke akiba ndiyo iliyoharibu akiba ya Ireland, na tofauti ilikuwa katika ukavu wa hewa na katika maarifa ya watu.

Hata pasipo maafa, mwaka haukufungwa. Rundo lililofunguliwa Novemba lilikuwa limepungua na kuchipua ifikapo Mei, na viazi vipya havikuwa tayari kabla ya Agosti, hivyo Juni na Julai ikawa miezi ya pengo, na kwa lugha ya Kiairishi mwezi wa saba ulijulikana kama Julai ya kabichi, kwa kuwa majani ndiyo yaliyobaki kuliwa. Wanaume walivuka bahari kwenda kuvuna nafaka Uingereza na Uskoti, na sensa ya 1841 ilihesabu watu wapatao 57,000 waliofanya safari hiyo katika majira ya kiangazi ya mwaka mmoja. Wake na watoto wa wengi walifunga nyumba na kuombaomba barabarani, au walikopa unga wa shayiri kwa mchuuzi aliyetoza riba kubwa na kulipwa baada ya mavuno. Tume iliyochunguza hali ya maskini wa Ireland chini ya Askofu Mkuu Richard Whately, iliyomaliza kazi yake mwaka 1836, ilikadiria kwamba watu 2,385,000, vibarua pamoja na wanaowategemea, walikuwa katika dhiki kwa majuma thelathini ya mwaka kwa kukosa kazi. Pengo la Julai lilikuwa donda la kudumu muda mrefu kabla ya ugonjwa wa viazi kufika.

Aina ya kiazi iliyoenea zaidi iliongeza udhaifu huo. Aina iitwayo Apple, iliyopendwa katika karne ya 18, ilikuwa na nyama kavu na ilisifiwa kwa kukaa vizuri hadi kiangazi. Aina ya Lumper, iliyoingia mwanzoni mwa karne ya 19, ilikuwa na majimaji na ilidumu kidogo, lakini ilizaa sana katika ardhi duni na kwa samadi chache, na mtu mwenye robo ekari hakuwa na uhuru wa kuchagua ubora badala ya wingi. Ufinyu wa ardhi ulichagua mbegu kwa niaba yake. Na kwa kuwa kiazi hupandwa kwa vipande vya kiazi chenyewe, mashamba ya maelfu ya kaya yalijaa mmea uliokuwa, kwa asili yake ya urithi, mmea mmoja.

Ugonjwa wa bakajani chelewa, unaosababishwa na kiumbe kidogo mfano wa kuvu kiitwacho Phytophthora infestans, ulionekana Ubelgiji katikati ya mwaka 1845 na kufika Ireland mwanzoni mwa majira ya mavuno. Mwaka huo ugonjwa uliharibu kati ya theluthi na nusu ya zao, na jambo lililowavunja watu moyo zaidi ni kwamba viazi vilivyochimbwa vikionekana vizima viliozea ndani ya marundo. Serikali ya Robert Peel iliwatuma wanasayansi Robert Kane, John Lindley na Lyon Playfair, ambao walipendekeza marundo yenye njia za hewa na udongo mkavu, pamoja na namna ya kukamua wanga kutoka katika viazi vilivyoathirika. Mapendekezo hayo yalihitaji vifaa na ukavu ambavyo maskini hakuwa navyo, na hayakugusa chanzo, kwa kuwa wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba unyevu ndio uliozaa uozo. Mchungaji Miles Joseph Berkeley aliyeandika mwaka 1846 kwamba kuvu ndiye sababu alipingwa, na uthibitisho kamili ulisubiri kazi ya Anton de Bary katika miongo iliyofuata.

Mwaka 1846 karibu zao lote lilipotea. Mwaka 1847 ugonjwa ulipungua na mavuno kwa ekari yakawa mazuri, lakini eneo lililopandwa lilikuwa chini ya ekari 300,000, wakati kabla ya maafa lilikuwa ekari zipatazo milioni mbili, kwa sababu watu walikuwa wamekula mbegu. Hakuna takwimu inayoeleza vizuri zaidi maana ya kuishi bila akiba, kwani mvua ilinyesha na ardhi ilikuwepo, lakini hapakuwa na kiazi cha kutia matutani. Mwaka huohuo Bunge mjini London lilipitisha kifungu kilichopendekezwa na William Gregory, kilichomnyima msaada mtu yeyote mwenye zaidi ya robo ekari, hivyo kaya iliyotaka uji wa leo ililazimika kuachia ardhi ya chakula cha kesho. Kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja walikuwa wamehama nchi. Kulitupia kiazi lawama ya vifo hivyo, kama walivyofanya watawala kadhaa wa wakati huo, ni kukwepa kuitaja mikataba ya ardhi na sheria zilizoifanya robo ekari kuwa mali pekee ya familia.

Nyanda za juu za Afrika Mashariki zilikipokea kiazi mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari, walowezi na maofisa wa kikoloni, na tatizo la muda lilifika pamoja nacho. Hapa hakuna baridi ya kutengenezea chuño wala majira marefu ya ubaridi ya kutunzia marundo, kwa hiyo kaya zilitafuta jibu katika kalenda. Katika milima ya kati ya Kenya, kuanzia Limuru hadi Kinangop na Meru, mvua ndefu na mvua fupi huruhusu misimu miwili, na viazi vya msimu mmoja huwavusha watu hadi mwingine, huku baadhi vikiachwa udongoni bila kuchimbwa na kufukuliwa kwa kiasi cha chungu cha siku hiyo. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako mvua ni ya msimu mmoja, wakulima wa Njombe na Iringa hutumia vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu wakati wa kiangazi, kupanda mazao ambayo mlimani yasingeota, viazi vikiwemo. Njia hizo zina bei yake. Kiazi kinachokaa udongoni hushambuliwa na nondo wa viazi na mnyauko wa bakteria, na pale ambapo mimea ya viazi haikatiki shambani mwaka mzima, bakajani chelewa, iliyothibitika Kenya mwaka 1941, haikosi mahali pa kuishi.

Katika miongo ya karibuni tatizo hilo la muda limeonekana wazi zaidi kupitia aina ya Shangi, ambayo imeenea Kenya kuliko nyingine yoyote kwa kuwa hukomaa mapema, huiva upesi jikoni na hupendwa sokoni. Shangi hulala kwa wiki chache tu. Kwa mkulima wa misimu miwili jambo hilo ni faida, maana mbegu yake huwa tayari kupandwa mvua zinaporejea, na wakulima wengi bado hupanda mbegu waliyoitunza wenyewe au waliyoipata kwa jirani. Kwa mama anayetaka viazi vya kupika miezi mitatu baada ya mavuno ni hasara, na ndiyo inayomlazimu mkulima kuuza kwa pamoja na wenzake wakati bei iko chini, kisha kununua bei ikiwa juu. Watafiti wa kituo cha Tigoni, Limuru, wanaofanyia kazi aina za viazi vya Kenya, wanakabiliwa na matakwa hayo mawili yanayopingana, na hata kaya yenye eneo la kutosha haiwezi kuyakidhi yote kwa mbegu moja. Inalazimika kutenga kipande kwa aina ya soko inayolala kidogo na kipande kingine kwa aina inayolala zaidi kwa ajili ya chungu chake, na kila kipande kinachotengwa kwa ajili ya jiko ni fedha ambayo haikupatikana sokoni msimu huo.